Ensaiklopidia ya viumbe vyote: yaliyotukuta tulipoijaribu kwa Kiswahili

Wazo lilikuwa la kijana wa kompyuta. Sisi wengine tulikuwa walimu wawili wa biolojia wa sekondari, dada mmoja wa maabara, na mzee mstaafu wa misitu ambaye hata leo tunamwita Bwana Misitu. Wote tuliishi Morogoro. Kijana alitaka tuweke mtandaoni ensaiklopidia ya Kiswahili yenye ukurasa kwa kila kiumbe hai kilichokwisha kupewa jina na wanasayansi, kuanzia tembo hadi ukungu wa kwenye mkate. Data zipo bure, alisema, kazi yetu ni kuzivuta tu.

Tulibishana kama jambo hilo linawezekana kwa muda mrefu kuliko tulioutumia kuanza kazi yenyewe. Nayaandika haya kwa sababu vikundi vyenye wazo hilohilo vinaendelea kuzaliwa, na nikisikiliza mabishano yao nayakuta ni yetu yaleyale.

Tulianza na hesabu. Spishi, yaani aina za viumbe, zilizokwisha kuelezwa duniani ni takriban milioni 2. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mtindo wa majina mawili tunaoutumia mpaka sasa, mwaka 1758 aliorodhesha spishi za wanyama zipatazo 4,400 tu. Mwaka 2011 watafiti walikadiria kwamba spishi zote, ukiacha bakteria na jamii zake, ni kama milioni 8.7, na wenyewe wakasema wanaweza kukosea kwa milioni 1.3 juu au chini. Maana yake sehemu kubwa haijapata hata jina. Bwana Misitu alichukua kalamu: watu watano, ukurasa mmoja kila mtu kila siku, bila Jumapili wala Idi, spishi milioni 2 zingetuchukua zaidi ya miaka 1,000. Akafunga daftari kana kwamba kikao kimekwisha.

Kijana hakutishika. Alikuwa amesoma historia ya waliotutangulia. Karibu na mwaka 2001 kulikuwa na taasisi Marekani iliyoitwa All Species Foundation, iliyotaka kuorodhesha viumbe vyote vya dunia ndani ya miaka 25. Fedha zikakauka mapema, ikazimika. Mwaka 2003 Edward O. Wilson, yule mtaalamu wa siafu na sisimizi wa Harvard, akaandika makala akidai kila spishi ipate ukurasa wake wa kielektroniki. Mwaka 2004 wenzetu wa Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, wakaanzisha Wikispecies, orodha yao ya spishi, nao wakagombana kama ilikuwa na haja kuitenga na Wikipedia. Mei 2007 ikatangazwa Encyclopedia of Life, ikiwa na dola milioni 10 kutoka MacArthur Foundation na milioni 2.5 kutoka Sloan Foundation, na ahadi ya kufikia spishi milioni 1.8 katika miaka kumi. Februari 2008 ilifunguliwa na kurasa za kwanza 30,000. Siku hiyo watu walimiminika mpaka tovuti ikaanguka.

"Umeona, Mzee?" kijana akasema. "Watu wanaihitaji."

"Nimeona, mwanangu," Bwana Misitu akajibu. "Nimeona pia dola."

Kisha akatueleza jambo ambalo mimi, mwalimu wa biolojia, sikuwahi kulipa uzito. Kuna mfululizo wa vitabu uitwao Flora of Tropical East Africa, unaoeleza mimea ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu za kwanza zilichapishwa mwaka 1952. Ya mwisho ilitoka mwaka 2012. Miaka 60, mataifa kadhaa, wataalamu zaidi ya mia moja, mimea mikavu iliyorundikwa kwenye bustani ya Kew huko Uingereza, Nairobi na kwingineko, na waliyoyapata ni spishi zaidi ya 12,000 kidogo. Mzee alikuwa amevitumia vitabu hivyo kazini tangu ujana wake, kimoja kimoja vilivyokuwa vikitoka. "Mimea ya nchi tatu. Wadudu hawamo. Na waliokuwa wakiandika walikuwa wakilipwa mshahara."

Hapo ndipo ningesema mjadala wetu ulipotea njia, ingawa nilichelewa kuliona. Upande mmoja uliuliza kompyuta inaweza kutoa kurasa ngapi. Upande wa pili uliuliza binadamu anaweza kuandika ngapi. Hakuna aliyeuliza ukurasa ukishaandikwa utahitaji nini mwaka unaofuata.

Kijana alishinda kwa sababu alikuwa na mfano hai. Mswidi mwingine, Sverker Johansson, alitengeneza programu iliyoandika mamilioni ya makala za Wikipedia kutoka kwenye hifadhidata, nyingi zikiwa za viumbe. Kwa programu hiyo Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino ambayo hata jina lake wengi wetu tulikuwa hatujalisikia, ikawa miongoni mwa Wikipedia kubwa kabisa duniani kwa idadi ya makala. Kama Wasebuano wameweza, Waswahili tunashindwaje? Swali hilo lilichoma. Tukapiga kura, tukaanza.

Sitasahau usiku wa kwanza roboti, yaani programu ya kijana, ilipofanya kazi. Kila sekunde chache ukurasa mpya. Tulikaa tukiangalia namba inapanda, tukicheka kama watoto. Asubuhi tulikuwa na maktaba. Kila ukurasa ulisema kiumbe huyu ni wa familia fulani, jenasi fulani (kundi la spishi za karibu), alielezwa na fulani mwaka fulani. Basi.

Matatizo ya kwanza yalikuwa ya kuchekesha. Roboti haikujua ngeli. Iliandika "mti huyu anapatikana" na "nyoka huu unapatikana", maana kijana alikuwa amewapanga viumbe kwa falme zao za kisayansi na kusahau kuwa Kiswahili kina falme zake. Uyoga ndio ulimshinda kabisa: si mnyama, si mmea, basi roboti ikautungia sentensi isiyo ya lugha yoyote. Hayo tulirekebisha kwa wiki chache.

Yaliyofuata hayakuchekesha. Lile ua la Usambara linalopandwa kwenye vyungu nyumba za Ulaya na Marekani lilipata jina la Saintpaulia mwaka 1893, kutokana na Mjerumani aliyepeleka mbegu zake kwao. Orodha za zamani zilikuwa na spishi zake kama 20. Baadaye wataalamu waliona nyingi ni ua moja lenye sura tofauti tofauti, na mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya Streptocarpus. Orodha tuliyoivuta ilikuwa na majina ya zamani na mapya yamechanganyika. Roboti ikaandika ukurasa kwa kila jina. Kwa hiyo ensaiklopidia yetu ilikuwa na mimea mingi ya Usambara ambayo haipo Usambara wala popote pengine.

Migunga nayo. Mwaka 2005 mkutano wa wataalamu wa mimea huko Vienna uliamua jina Acacia libaki na miti ya Australia, na uamuzi ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga yetu ya Afrika ikagawanywa kuwa Vachellia na Senegalia. Watu wengi wa huku hawakufurahi, na Bwana Misitu ni mmoja wao mpaka leo. Lakini kwetu shida ilikuwa nyingine: tulikuwa na mgunga uleule kwenye kurasa mbili zisizojuana, mmoja kwa jina la vitabu vya shule, mwingine kwa jina jipya. Mwalimu mwenzangu alikuta wanafunzi wake wameandika kwenye kazi ya nyumbani kwamba hiyo ni miti miwili. Chanzo: sisi. Alikuja kwenye kikao na madaftari yao, akayaweka mezani, hakusema kitu.

Aliyemaliza ubishi ni dada wa maabara. Alikuwa amefanya kazi na mbu kwa miaka. Alifungua ukurasa wetu wa Anopheles gambiae, mbu wa malaria, akatuuliza tunamaanisha yupi. Tukamtazama. Akatufundisha kwamba jina hilo kwa matumizi ya kawaida linafunika kundi la spishi zinazofanana sana kwa macho. Huwezi kuzitenganisha bila kupima vinasaba. Mwaka 2013 tu mmoja wao alitengwa rasmi na kuitwa Anopheles coluzzii. Tabia zao si sawa: kuna anayependa zaidi damu ya watu, kuna anayemwendea ng'ombe pia. "Mtu wa afya wilayani akisoma ukurasa huu," alisema, "ataamini anamjua mbu wake kwa kumwangalia. Heri asingeusoma."

Tulifuta karibu kila kitu. Kijana aliondoka kwa hasira na simlaumu. Ile ilikuwa kazi yake ya usiku mwingi, na sisi tuliopiga kura ya kuianza ndio tuliopiga kura ya kuifuta. Alipoondoka tukagundua kwamba jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwake, linalipiwa kwa kadi yake, na nywila zote ziko kwenye simu yake. Muda wa malipo ukapita, tovuti ikazimika. Ilibidi kwenda kwa mama yake mzazi, kukaa, kunywa chai, kumwomba atusemee. Kwa hiyo kama unaanza leo, jambo la kwanza kabla hujaandika herufi moja: sajili jina la tovuti kwa kikundi, nywila ziwe na watu wawili, na nakala ya kila kitu ikae kwenye diski ya pembeni nyumbani kwa mtu wa tatu asiyehusika na kompyuta. Fedha tulizotumia kwenye seva hazikuwa nyingi kwa mwezi, ila ni za kila mwezi, na watu wa kujitolea huchangia kwa furaha mwaka wa kwanza tu. Vifurushi vya intaneti vilitugharimu zaidi ya seva. Hilo hakuna aliyelipigia hesabu.

Na jambo la pili: angalia kwanza kilichopo. Wikipedia ya Kiswahili ina kurasa nyingi za ndege, wadudu na mimea zilizoandikwa kwa mkono na watu wachache wenye subira kubwa. Laiti tungeenda kuwasaidia hao tangu mwanzo, nusu ya gharama zetu zisingekuwepo. Tulitaka chetu. Huo ni ugonjwa wa kawaida.

Tuliporudi, tulirudi na Milima ya Uluguru peke yake. Kijana naye alirudi, kwa masharti nitakayoyataja. Tulifikiri mlima mmoja ni kazi ndogo. Milima ya Tao la Mashariki, ambayo Uluguru ni mmojawapo, ina viumbe wengi wasiopatikana mahali pengine popote, na kila ukigeuza jiwe au gogo kuna jongoo ambaye hujui umwiteje. Ndege walikuwa rahisi kidogo, kwa kuwa ndege wana wapenzi dunia nzima. Yule Malaconotus alius, ndege mweusi kichwani na njano tumboni anayeishi Uluguru tu, ana maandishi ya kutosha. Jongoo hana wapenzi.

Hapa ndipo penye ugumu halisi wa ensaiklopidia kama hii. Kompyuta si tatizo tena. Tatizo ni kwamba kwa makundi mengi ya wadudu, watu wanaoweza kukwambia kwa uhakika "huyu ni huyu" wanahesabika kwa vidole, wengi wako mbali, na wana foleni ya maboksi ya wenzao. Ukimwandikia barua pepe yenye picha kumi za ukungu-ukungu zilizopigwa kwa simu, hatajibu. Tulijifunza kupiga picha kwa utaratibu: mgongo, tumbo, kichwa kwa karibu, miguu, na kitu cha kupimia ukubwa pembeni. Barua fupi, mdudu mmoja, swali moja. Majibu yakaanza kuja, taratibu.

Tatizo la pili ni vielelezo vyenyewe, yaani yule mdudu au tawi kavu lililotumika kutoa jina mara ya kwanza. Kituo cha Amani huko Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilikuwa na hazina ya mimea mikavu ambayo baadaye ilihamishiwa Nairobi. Vielelezo vingine vya enzi za Wajerumani vilikwenda Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya huko iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Kwa hiyo kuna mimea ya hapa ambayo kuthibitisha jina lake ni kufuatilia nakala zilizobaki kwenye makabati ya nchi nyingine. Siku hizi makumbusho mengi yameweka picha za vielelezo mtandaoni, na GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, inakuonyesha kilichopo wapi. Tanzania nayo ina sehemu yake humo kupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Bila hayo fedha zetu zingeishia kwenye nauli. Tahadhari moja: ukipanga kukusanya hata jani katika hifadhi ya misitu, uliza vibali mapema, na uliza kijijini pia. Barua ya ofisini haikufahamishi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Wenyeji, kwa kweli, ndio walioifanya kazi hii ipendeze. Kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe na Udzungwa, alitangazwa kwa sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa watafiti kabla ya hapo, na wengine hawakuaminiwa. Kwa hiyo sisi tukaweka sehemu ya ukurasa kwa maelezo ya wenyeji, tukiitenganisha na ya vielelezo, na kutaja kijiji ilikotoka. Mama mmoja wa juu Uluguru alitueleza kuhusu mdudu anayekula majani ya ndizi kwa undani ambao sijauona kitabuni.

Kilichotufundisha kuhusu muda ni chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, eneo dogo kuliko mashamba mengi ya miwa. Bwawa la umeme likapunguza maji, manyunyu yakapungua, ugonjwa wa ukungu nao ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Lakini mamia kadhaa walikuwa wamepelekwa Marekani kabla ya hapo, wakazalishwa huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Ukurasa ulioandikwa 1999, 2009 au 2013 kuhusu chura yuleyule unasema mambo matatu tofauti, na kila mmoja ulikuwa kweli siku yake. Tangu hapo kila ukurasa wetu una tarehe juu kabisa, kwa herufi kubwa, na jina la aliyeuangalia mara ya mwisho. Ukurasa usioangaliwa kwa miaka miwili unageuka rangi ya kijivu. Msomaji aone mwenyewe.

Kuna somo jingine lilikuja kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa tukiweka mahali hasa kiumbe alipoonekana, na ramani. Mtu asiyejitambulisha akaanza kutuandikia, Kiingereza safi, akiuliza kinyonga fulani ameonekana upande gani wa njia, urefu gani kutoka usawa wa bahari, mwezi gani. Mara ya kwanza tulifurahi kuwa na msomaji makini. Bwana Misitu alisoma mara moja tu akasema, "Huyu ni mnunuzi." Vinyonga wa milima yetu wana soko kwa wafugaji wa nje. Tukaondoa ramani za vinyonga, za maua ya Usambara na za miti ya mbao adimu, tukabakiza jina la mlima tu. Fanya hivyo kabla hujaandikiwa.

Masharti aliyorudi nayo kijana yalikuwa haya: roboti isitupwe, ila ipewe kazi nyingine. Sasa haiandiki chochote. Kila mwezi inapitia orodha za kimataifa, inalinganisha na zetu, na kutuletea majina yaliyobadilika, spishi zilizounganishwa au kugawanywa, na hali za hatari zilizosahihishwa. Binadamu ndiye anayeamua la kufanya. Twiga wametushughulisha hivyo mara kwa mara, maana ubishi kama ni spishi moja au nne uliendelea kwa miaka baada ya utafiti wa vinasaba wa mwaka 2016. Tembo wa msituni na wa savana pia, waliotenganishwa mwaka 2021 katika Orodha Nyekundu, ile orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Hii ndiyo kazi ambayo mashine inatuzidi kwa mbali, na cha ajabu ni kwamba hakuna aliyeifikiria wakati ule wa kubishana.

Je, ensaiklopidia ya viumbe vyote inawezekana? Encyclopedia of Life ipo mpaka leo, ina kurasa nyingi mno, na ukizifungua utakuta nyingi zina jina, nafasi ya kiumbe katika ukoo wake, na kidogo zaidi ya hapo. Mimi siwacheki tena. Ukurasa wenye jina sahihi tu ni bora kuliko wetu wa usiku ule. Lakini kwa kikundi cha watu wachache wenye kazi nyingine za kuwalisha, jibu langu ni kwamba mnaweza kutunza kurasa kiasi ambacho mnaweza kuzisoma zote upya ndani ya mwaka mmoja. Pigeni hesabu hiyo kwanza. Yetu ilitoka ndogo kuliko tulivyotaka.

Sehemu ya uyoga tumeiacha tupu, na tumeandika wazi kwamba ni tupu kwa sababu hatuna mtu. Kijana anataka kuijaza kutoka kwenye hifadhidata. Tumemkatalia mara kadhaa na ataomba tena kikao kijacho. Kama unaujua uyoga wa Uluguru kwa zaidi ya kuula, tunakuhitaji kabla hatujachoka kumkatalia.